Beti 27 za Saksafoni

Mchoro waweza kutazamwa leo na kesho, na kitabu chaweza kufunguliwa mara mia. Lakini wimbo uliopigwa jana usiku umekwisha pamoja na usiku wake. Kwa sababu hiyo mwanadamu alifurahi sana alipopata chombo cha kuinasa sauti na kuitia katika santuri. Tangu hapo wapenzi wa muziki wamekuwa na kitu cha kukizunguka na kukijadili, kama wasomaji wanavyolijadili shairi.

Santuri ni za namna mbili. Namna ya kwanza hurekodiwa katika chumba kilichofungwa, ambamo hakuna mtu ila wapigaji na mafundi. Mpigaji akikosea, hurudia. Namna ya pili hurekodiwa mbele ya watu. Humo kosa hubaki kosa, kikohozi cha msikilizaji husikika, na makofi huingia pale yanapoingia. Namna ya kwanza ni kama barua iliyoandikwa mara tatu kabla ya kutiwa sahihi. Ya pili ni kama maneno yaliyosemwa barazani. Insha hii yahusu santuri moja ya namna ya pili, au tuseme santuri ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya namna ya pili. Ni ile ya bendi ya Duke Ellington katika tamasha la Newport, nchini Marekani, mwaka 1956.

Jumamosi moja jioni tulikutana watu wanne nyumbani kwangu kuisikiliza. Mmoja alikuwa mzee, karani mstaafu, ambaye alikuja na santuri hiyo kwapani, kwa kuwa ni yake na ameitunza tangu ujana wake. Wa pili alikuwa kijana apigaye saksafoni katika bendi ya dansi. Wa tatu alikuwa mwalimu wa kike afundishaye ushairi. Wa nne nilikuwa mimi, mwenye gramafoni. Sote twaupenda muziki wa jazi, na sote twaijua santuri ile. Lakini kabla chai haijapoa tulikuwa tumekwisha gawanyika. Swali lililotugawa lilikuwa hili: je, upigaji ule wa saksafoni ambao watu wameusifu miaka mingi ni sanaa kubwa, au ni kelele nzuri iliyobebwa na shangwe za watu? Naliweka swali hilo mbele ya wanafunzi kwa sababu ndilo swali ambalo kila mhakiki hana budi kulijibu siku moja, ikiwa ahakiki muziki, tamthilia au hotuba.

Yafaa kwanza tujue habari za usiku wenyewe, kwa maana mhakiki asiyejua jinsi jambo lilivyotukia huhukumu kivuli chake. Ellington alizaliwa katika mji wa Washington mwaka 1899. Mwishoni mwa mwaka 1927 bendi yake ilianza kupiga katika klabu iliyoitwa Cotton Club mjini New York, na redio ikalieneza jina lake nchini kote. Hakuwa mpiga piano tu. Alikuwa mtungaji, tena mtungaji wa namna ya pekee, kwa kuwa alimwandikia kila mpigaji wake sehemu iliyolingana na sauti na tabia yake, kama fundi cherehani amshoneaye mtu nguo kwa kipimo cha mwili wake.

Lakini kufikia miaka ya 1950 bahati ilikuwa imeanza kumpa kisogo. Bendi kubwa nyingi zilikuwa zimevunjika, kwa kuwa mapato hayakutosha kuwalipa watu wengi, na vijana walikuwa wamegeukia waimbaji na vikundi vidogo. Mwaka 1951 Johnny Hodges, mpigaji wake mashuhuri wa saksafoni ya alto, alimwacha, asirudi mpaka mwaka 1955. Katika kiangazi cha mwaka huo huo wa 1955 bendi ile tukufu ilipiga muziki wa kusindikiza maonyesho ya waogeleaji mjini New York. Si aibu mtu kufanya kazi apate riziki. Walakini wengi walioona jambo hilo walisema kwamba Ellington ni mtu wa jana.

Newport ni mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island. Tamasha lake la jazi lilianza mwaka 1954. Usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956, bendi ya Ellington iliitwa kufungua onyesho hali baadhi ya wapigaji wake hawajafika. Ikapiga nyimbo chache, ikashuka, ikakaa kuwangoja wengine wapige. Ilingoja muda wa saa tatu hivi. Usiku ulipokaribia manane ndipo ilipopanda tena jukwaani, nao baadhi ya wasikilizaji walikuwa wamekwisha anza kushika njia ya kwao. Bendi ilipiga utungo mpya wa sehemu tatu, ambao Ellington na mwenzake Billy Strayhorn waliutunga kwa ajili ya tamasha lile. Watu waliupokea kwa adabu. Baadaye Ellington akaita utungo wa zamani, alioutunga mwaka 1937, uitwao Diminuendo and Crescendo in Blue. Jina hilo maana yake ni kufifia na kukua kwa sauti katika bluzi. Hapo awali zilikuwa nyimbo mbili zilizorekodiwa katika pande mbili za santuri moja: upande mmoja bendi ilianza kwa nguvu ikafifia, na upande wa pili ilianza kwa upole ikakua.

Kati ya nyimbo hizo mbili palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo Ellington alimpa Paul Gonsalves aijaze kwa saksafoni ya tena. Gonsalves alizaliwa Marekani mwaka 1920, na wazazi wake walikuwa wenye asili ya visiwa vya Cape Verde, vilivyo baharini magharibi ya Afrika. Alikuwa amewahi kupiga katika bendi za Count Basie na Dizzy Gillespie kabla hajaingia katika bendi ya Ellington mwaka 1950. Hakuwa maarufu kama Hodges. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye pumzi nyingi ndani yake, kama sauti ya mtu anayesema karibu na sikio lako. Yasemekana kwamba Ellington alimwambia apige kwa muda wowote atakaopenda. Alipiga mizunguko 27.

Mwanafunzi ajuaye ushairi wetu hatapata taabu kuelewa maana ya jambo hilo. Mzunguko mmoja wa bluzi ni kama ubeti mmoja. Una vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo 4. Sauti za chini zinazoushikilia hufuata utaratibu uliowekwa, nao haubadiliki kutoka ubeti hata ubeti, kama vile mizani na vina visivyobadilika katika shairi la sheria. Juu ya utaratibu huo mpigaji hutunga maneno yake papo hapo, bila karatasi. Basi Gonsalves alitunga beti 27 mfululizo, yaani vipimo 324, au mapigo 1,296, mbele ya maelfu ya watu, kwa mwendo wa haraka, wala hakusimama kupumzika. Chini yake walikuwapo Jimmy Woode mwenye besi kubwa ya nyuzi na Sam Woodyard mwenye ngoma, ambao walishika mwendo mmoja usiotikisika. Piano ya Ellington iligusa hapa na pale, kisha ikanyamaza, kisha ikagusa tena.

Tuliisikiliza sehemu hiyo kimya. Ilipokwisha, kijana alikuwa wa kwanza kusema.

"Wazee wangu, naomba mniwie radhi," alisema. "Mimi ni mpigaji, na nasema kama mpigaji. Mtu huyu anarudia maneno. Ukiziandika sauti zake karatasini utaona virai vilevile vikizunguka, vikija mbele na kurudi nyuma. Gonsalves nampenda katika nyimbo za taratibu, ambamo kila sauti ina kazi. Hapa naona nguvu nyingi na mawazo machache. Wahenga wamesema, ngoma ikilia sana hupasuka."

Mzee akatabasamu. "Mwanangu, usiniulize mimi. Waulize watu wa Newport. Wasikie wanavyopiga mayowe. Walikuwa wakienda zao kulala, nani aliwarudisha?"

"Watu husimama na kupiga mayowe hata nyumba inapoungua, Mzee," alijibu kijana. "Mayowe si ushahidi wa uzuri."

Nakiri kwamba jibu lile lilikuwa kali, tena lilikuwa na kweli ndani yake. Katika miaka ile huko Marekani walikuwako wapigaji wa saksafoni waliopata shangwe kwa kulala chali jukwaani na kupuliza sauti moja ya juu mpaka watu wakarukwa na akili. Kama kipimo cha sanaa ni shangwe, basi hao ndio wangekuwa mabingwa, na mtu anayepiga kwa utulivu hana chake. Mhakiki hawezi kukubali kipimo hicho. Umati waweza kushangilia jambo jema na jambo ovu kwa sauti moja.

Mwalimu wa ushairi, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya, alituomba tuirudie sehemu ile, na safari hii tuhesabu beti kwa vidole. Tukafanya hivyo. Huu ni mfano wa kuigwa. Mabishano mengi juu ya sanaa hurefuka kwa sababu wabishani hubishania kumbukumbu zao, wala hawairudii kazi yenyewe.

Tulipohesabu tuliona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba beti sita za mwanzo hupita watu wakiwa wametulia. Sauti zinazosikika ni za wenzake bendini wakimhimiza, naye Ellington akiwa miongoni mwao. Gonsalves huanza chini, kwa virai vifupi, kama mtu anayejaribu mlango bila kuusukuma. Ni karibu na ubeti wa 7 ndipo mngurumo wa watu unapozuka. Yajulikana kilichotokea wakati ule: mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi aliinuka akaanza kucheza peke yake, na wengine wakamfuata. Kando ya jukwaa alikuwako Jo Jones, mpiga ngoma mashuhuri aliyewahi kuwa katika bendi ya Count Basie, akipigapiga gazeti lililokunjwa ili kuutia nguvu mwendo, na wapigaji waliokuwa karibu naye wakamwitikia. Kwa hiyo shangwe haikumtangulia mpigaji. Yeye ndiye aliyeijenga, ubeti juu ya ubeti.

La pili ni jinsi alivyofanya baada ya shangwe kuanza. Hapa ndipo mpigaji dhaifu hushindwa. Akisikia mayowe, huyafuata. Huongeza makelele ili apate mayowe zaidi, na muziki hugeuka biashara. Gonsalves hakufanya hivyo. Tulisikiliza ubeti kwa ubeti tukingoja apande juu na kulia kama tarumbeta, wala hakupanda. Aliendelea kusema kwa sauti yake ile ile ya kati, yenye pumzi, huku moto ukiwaka pande zote. Kijana mwenyewe ndiye aliyelisema hili kabla yetu. "Kweli," alisema, "hapigi mayowe. Wanaopiga mayowe ni wao."

La tatu lahusu marudio. Mwalimu alisema, "Umemlaumu kwa kurudia. Lakini je, utenzi una kosa gani? Kila ubeti wa utenzi huishia kwa kina kimoja, toka wa kwanza hata wa mwisho, na tendi zetu zina mamia ya beti. Hakuna amlaumuye mtunzi kwa kukirudia kina kile, kwa maana msikilizaji hukingoja, na kikija huridhika, kisha hungoja tena. Marudio huwa kosa yanapokuwa hayana kinachongojwa."

Kijana alifikiri kidogo akasema kwamba analikubali nusu. Katika beti za katikati, kama 12 hadi 16, yeye bado asikia mtu akingoja wazo lije. Sikuona sababu ya kumpinga. Uhakiki si kesi ya mahakama ambayo lazima upande mmoja ushinde. Kazi yaweza kuwa na beti dhaifu na bado ikawa kazi kubwa, kama safari iliyo na mwendo wa tambarare kati ya milima.

Hapo tungeweza kumaliza. Lakini kijana alisema neno moja zaidi, nalo ndilo lililobadili jioni yetu.

"Mzee, unajua kwamba si santuri hii yote iliyorekodiwa usiku ule?"

Mzee hakujua. Nami nilijua, lakini sikuwa nimepata moyo wa kumwambia. Habari yenyewe ni hii. Ellington hakuridhika na namna utungo wake mpya ulivyopigwa, kwa kuwa bendi haikupata nafasi ya kufanya mazoezi ya kutosha. Kwa hiyo siku mbili baadaye, tarehe 9 Julai, bendi iliingia studio mjini New York ikapiga upya sehemu kadhaa. Santuri ilipotolewa mwaka huo huo wa 1956, sehemu za studio zilichanganywa na zile za jukwaani, na makofi yakaongezwa juu yake ili msikilizaji adhani yuko Newport. Wanunuzi hawakuambiwa. Santuri ile iliuzwa kuliko zote Ellington alizopata kutoa. Mwezi wa Agosti picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time, na mtu wa jana akawa tena mtu wa leo.

Mzee aliishika ile ganda ya santuri mikononi, akaigeuza, kama atafutaye humo mahali palipoandikwa uongo. "Miaka hii yote," alisema, "nilipofumba macho nilikuwa Newport. Sasa niambieni, nilikuwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Swali lake halikuwa la mzaha. Mtu akipenda kitu kwa sababu ni cha kweli, halafu akaambiwa kwamba ukweli wake uliunganishwa kwa mkasi na gundi, hapotezi santuri tu. Hupoteza imani katika sikio lake mwenyewe.

Nilimwambia kwanza lile ambalo lingemfariji, nalo ni kweli. Beti 27 za Gonsalves hazikupigwa studio. Ni za usiku ule, na mayowe yanayozuka karibu na ubeti wa 7 ni mayowe ya watu wa Newport. Kisha nikamweleza jambo la pili, ambalo ni la ajabu zaidi. Jukwaani palikuwa na vipaza sauti vya namna mbili: vya kampuni ya santuri na vya redio ya Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikinasa onyesho lile kwa matangazo yake. Gonsalves aliposimama kupiga, alikielekea kipaza sauti cha redio. Kwa hiyo katika santuri ya mwaka 1956 saksafoni yasikika kwa mbali, kama mtu asemaye upande wa pili wa uwanja, na umati wasikika karibu. Kosa dogo la kusimama mahali pasipo pake lilimfanya bingwa wa usiku awe nyuma katika kazi yake mwenyewe.

Mkanda wa redio ulikaa miaka mingi pasipo kujulikana thamani yake. Ulipopatikana katika miaka ya 1990, mtafiti wa jazi aitwaye Phil Schaap alisaidia kuuunganisha na mkanda wa kampuni, mmoja ukawa sikio la kushoto na wa pili sikio la kulia. Mwaka 1999 onyesho zima likatolewa katika diski mbili, na sehemu za studio zikawekwa peke yake, zikatajwa kwa jina lake. Diski hizo nilikuwa nazo kabatini. Nikazitoa.

Sitaki kutia chumvi katika kuyaeleza yaliyofuata. Tulizima taa moja, tukasikiliza. Saksafoni ilikuja karibu. Pumzi ya Gonsalves ilisikika ikiingia na kutoka. Virai vilivyokuwa kama ukungu katika santuri ya zamani vikawa na kingo. Kijana, ambaye alikuwa amelalamika kwamba mawazo ni machache, aliinama mbele, na vidole vyake vikawa vinabonyeza vifungo visivyokuwapo juu ya goti lake. Baadhi ya yale aliyoyaita marudio hayakuwa marudio. Zilikuwa tofauti ndogo za pumzi na mkazo, ambazo kipaza sauti cha mbali hakikuweza kuzinasa. Sehemu ya lawama yake ilikuwa lawama ya chombo, wala si ya mpigaji.

Tulimtazama Mzee. "Kumbe miaka yote nilikaa nyuma," alisema. "Leo nimesogezwa mbele."

Basi ni lipi jibu la swali letu la kwanza? Nitasema lile niaminilo, na msomaji yu huru kulipinga baada ya kusikiliza.

Nasema kwamba upigaji ule ni sanaa kubwa, lakini mwenyewe si Gonsalves peke yake. Katika sanaa itendwayo mbele ya watu, hadhira si ukuta wa kupokea mwangwi. Sisi tuliozoea ngoma twalijua jambo hilo bila kufundishwa: mchezaji akiingia uwanjani mpigaji hubadilika, na mpigaji akibadilika mchezaji huongeza. Ndiyo maana ya kusema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika beti zile za Newport mwanamke wa nguo nyeusi alipewa kitu na Gonsalves, akakirudisha. Jo Jones akakipokea kwa gazeti lake. Mpiga ngoma akakitia katika ngoma. Na Gonsalves akapata nguvu ya ubeti mwingine. Ukiyaondoa mayowe ukabakisha noti, utakuwa na nusu ya jambo. Ukiyasikiliza mayowe ukasahau noti, utakuwa na nusu ya pili. Kijana alikuwa ameshika nusu moja na Mzee nusu nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema kwamba kuyaongeza makofi juu ya sehemu za studio lilikuwa kosa. Si kosa kupiga upya ili kupata kilicho bora. Kila mwandishi husahihisha kazi yake. Kosa ni kuvisha kazi ya chumbani nguo ya barazani. Kama shangwe za watu ni sehemu ya muziki, basi kuziweka pasipokuwapo ni kama kuandika beti za mtu ambaye hakuzitunga na kuzitia sahihi yake. Kama si wale waliovitenga tena mwaka 1999, tusingeweza kumsifu Gonsalves kwa moyo safi.

Tena kuna jambo la kusikitisha ambalo wapenzi wa muziki hawapendi kulitaja. Baada ya usiku ule, kila mahali Gonsalves alipokwenda watu walimtaka azirudie zile beti nyingi. Mtu ambaye ubora wake mwingine ulikuwa katika nyimbo za taratibu alijulikana kwa usiku mmoja wa haraka. Alibaki na Ellington mpaka mwisho. Alifariki mjini London mwezi wa Mei 1974, na Ellington akafariki New York siku chache baadaye, mwezi huo huo. Umati humpa msanii nguvu, lakini pia waweza kumfunga katika saa yake moja nzuri na kumkataza kuwa mtu mwingine. Kijana wetu alikuwa wa kwanza kutukumbusha nyimbo zake za taratibu, na kwa hilo alimtendea Gonsalves haki kuliko sisi wengine.

Mwanafunzi atakayesikiliza santuri ya namna hii na ajiulize kwanza nani anasikika, na nani hasikiki ingawa yumo. Na aulize sauti ilinaswa wapi na kwa njia gani, kwa maana sikio laweza kumlaumu mtu kwa kosa la waya. Na ahesabu, kuhesabu hakuui uzuri, bali huonyesha ulipo. Na akipenda kitu, asiogope kusikia habari zake za siri. Mapenzi yasiyoweza kustahimili ukweli hayakuwa ya kitu chenyewe.

Usiku ulikuwa umeendelea. Kijana na mwalimu waliaga. Mzee alisimama mlangoni akaniomba nimwazime zile diski mbili kwa juma moja, nami nikampa. Nilidhani ataiacha santuri yake ya zamani juu ya meza. Aliirudia, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaitia kwapani pamoja na hizo nyingine, akaenda zake.